Wakala wa WhatsApp, visa ya utalii na kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand

SWALI: Habari, mwalimu. Nina miaka 24, niko Nakuru. Mwaka jana nilimaliza shahada ya ualimu, masomo yangu ni Kiingereza na Fasihi. Nimesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, lakini ajira hakuna, kwa hiyo nafundisha shule ya kibinafsi kwa shilingi 15,000, nazo huchelewa. Kuna wakala kwenye kundi la WhatsApp anayesema amenipatia kazi ya kufundisha Kiingereza Bangkok, baht 45,000 kwa mwezi na nyumba ya bure. Anataka 180,000, nusu itumwe wiki hii kwa M-Pesa. Anasema niingie kwa visa ya utalii, kibali cha kazi nitapata huko huko. Mahojiano sijafanyiwa, amesema Kiingereza changu kinatosha. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Niende?

JIBU: Ng'ombe wabaki zizini, mdogo wangu. Wiki hii usitume hata shilingi, na wakala akikuhimiza kwamba nafasi zinaisha, ziache ziishe.

Sihitaji hata kujua kama shule anayoitaja ipo. Limenitosha jambo uliloligusa kwa kupita tu, kwamba hujafanyiwa mahojiano. Shule ya Thailand inayotafuta mwalimu wa Kiingereza inanunua sauti yake. Mkuu wa idara atataka kukusikia kwa simu ya video, pengine akuombe ufundishe somo la dakika kumi akiwa anakutazama, na shule nyingi huomba hata video fupi ya kujitambulisha kabla hazijakujibu. Anayekuajiri bila kukusikia hana haja na mwalimu. Ama hana shule, ama ana haja na kitu kingine kutoka kwako.

Hicho kitu kingine tumekijua Kenya tangu 2022. Vijana waliahidiwa kazi Thailand, wengine ualimu, wengine mauzo, wengine huduma kwa wateja. Walipokewa vizuri Bangkok, wakapakiwa kwenye gari, wakaendeshwa karibu kilomita 500 kuelekea kaskazini-magharibi hadi mji wa Mae Sot, kisha wakavushwa mto Moei. Ng'ambo ya mto ule ni Myawaddy, Myanmar, na wakajikuta ndani ya maboma yenye kuta ndefu na walinzi wenye bunduki, kama lile liitwalo KK Park. Kiingereza chao kilipata kazi kweli: kuwatapeli watu wa Ulaya na Marekani mtandaoni, kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa wa sarafu za kidijitali. Aliyekataa alipigwa, na nyumbani kwao wakapigiwa simu walipe fidia ili aachiwe. Mapema 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa kupitia Mae Sot, na Wakenya walikuwamo. Simaanishi kwamba wakala wako ni wa genge hilo. Huenda ni tapeli mdogo tu anayetaka nusu ya pesa na kupotea. Lakini ukifika Bangkok siku yoyote, kwa kazi ya shule ya Bangkok, na dereva akashika barabara ya magharibi kwa saa nyingi, shuka penye watu, kwenye kituo cha mafuta au kwa polisi, na upigie simu ubalozi wa Kenya ulioko mjini humo. Namba yake iandike kwenye karatasi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu simu huwa ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Sasa visa. Maneno "utabadilisha huko huko" yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanauzika. Idara ya uhamiaji ya Thailand inaweza kumbadilishia mtu visa ya utalii iwe ya kazi akiwa ndani ya nchi, mradi muda wake wa kukaa haujabaki chini ya siku 15 na shule imeshamwandalia makaratasi yote. Walimu wengi waliokuwa tayari kule hupitia njia hiyo, au hutoka hadi Vientiane, Laos, wakaombe visa upya na kurudi. Asichokuambia wakala ni kwamba katika kipindi hicho hutakiwi kushika chaki. Sheria yao ya 2017 kuhusu wafanyakazi wa kigeni, iliyorekebishwa 2018, inampiga faini ya baht 5,000 hadi 50,000 anayefanya kazi bila kibali, anarudishwa kwao, na kwa miaka miwili hawezi kupewa kibali kingine. Shule nayo ina faini yake, ila shule haipandishwi ndege. Tena ukiwa pale kwa utalii, pesa zinapungua, siku zinahesabika, na mshahara wa mwezi wa kwanza "unashughulikiwa", utamdai nani? Huwezi kwenda kwa afisa wa kazi kulalamika kuhusu kazi ambayo kisheria hukuwa nayo.

Njia halali huanzia kwenye dawati la shule. Shule ikishakuhoji na kukubali, inakutumia mkataba, kisha inaomba idhini kwa mamlaka za elimu na kazi kule kwao, halafu inakupa barua. Kwa barua hiyo, pasipoti, shahada, matokeo yako ya chuo na cheti cha tabia njema, unaomba visa iitwayo Non-Immigrant B kwa mtandao, na ombi linashughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Visa hiyo hukupa siku 90 za kwanza. Ndani ya siku hizo shule inakamilisha kibali cha kazi, na uhamiaji wanakuongezea muda hadi mwaka. Kibali kimefungwa kwa mwajiri huyo. Ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa inaondoka nayo. Na kuna mtego unaowanasa wengi: ukitoka hata kwa wikendi moja kwenda Laos bila kulipia kibali cha kurudi, ambacho kwa safari moja ni baht 1,000, ule mwaka wako umefutika mpakani.

Makaratasi ya kuandaa upande huu si ya kutisha, yanataka subira tu. Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, unakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Shahada yako huenda ikahitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na baadaye ubalozi. Iulize shule mapema wanataka mhuri wa nani. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na kadi yake ukaguliwe nayo uwanjani, usiizike chini ya sanduku. Halafu kuna mtihani. Kwa kuwa pasipoti yako si ya nchi wanayoihesabu kuwa ya wazawa wa Kiingereza, watakudai ushahidi wa lugha, na unaotajwa zaidi ni TOEIC, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kuanzia alama 600 kati ya 990. Najua inaudhi. Umesoma kwa Kiingereza, umefundisha kwa Kiingereza, shahada yako ni ya Kiingereza. Fanya mtihani, upite kwa alama za juu, uweke karatasi kwenye faili. Kubishana na karani wa uhamiaji kuhusu historia ya ukoloni hakujawahi kumpatia mtu muhuri.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii yote, na mawakala hawakipendi: pasipoti inahesabiwa kabla ya Kiingereza. Korea Kusini hutoa visa yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa raia wa nchi saba za Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mkenya akiahidiwa E-2, mazungumzo yameishia hapo. China nayo huwataka zaidi raia wa nchi hizo hizo kwa kazi ya kufundisha Kiingereza, na baada ya Julai 2021, serikali ilipobana masomo ya ziada ya kulipia, vituo vingi vilivyokuwa vikichukua watu bila maswali vilifungwa. Ndipo unasikia habari za kwenda kwa visa ya biashara au ya mwanafunzi na kufundisha kichinichini. Sheria yao inayotumika tangu 2013 inaruhusu faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi kinyume cha sheria, na hali ikiwa nzito, mahabusu ya siku 5 hadi 15 kabla ya kufukuzwa.

Japani wana kipimo kingine, nacho kinakupendelea. Kwa visa ya mwalimu wa lugha mashuleni wanaangalia kama umesomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Wewe wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), hata tukianza kuhesabu darasa la nne, una mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo: 13. Jirani yako wa Tanzania aliyepitia shule ya msingi ya serikali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia kwa miaka saba, akihesabu kidato cha kwanza hadi cha sita na shahada ya miaka mitatu anapata tisa, hata kama anakizungumza Kiingereza vizuri kukushinda. Nafasi za Japani ni chache na ushindani ni mkali, ila angalau mlango haujapigwa kufuli kwa jina la nchi yako.

Thailand, basi, si ndoto ya kijinga. Wakenya wanafundisha kule kihalali, pamoja na Waganda, Wakameruni na Wafilipino wengi. Ila baht 45,000 ni mshahara ambao shule nyingi humpa Mwingereza au Mmarekani mwenye uzoefu. Mwafrika anayeanza, katika shule ya kawaida, mara nyingi hutajiwa 20,000 hadi 30,000. Baht moja ni kama shilingi nne hivi, kwa hiyo weka akilini 80,000 hadi 120,000. Chumba kidogo nje kidogo ya katikati ya Bangkok kinaweza kuwa baht 6,000, lakini mwenye nyumba huchukua amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja kabla hujalala usiku wa kwanza. Hiyo peke yake ni 18,000, kama shilingi 70,000, na mshahara bado mwezi mzima. Chakula ndicho kitakachokufariji: sahani ya wali na kuku mtaani ni baht 50 au 60, na wali wao mtakubaliana nao haraka kuliko pilipili yao. Mikoani mshahara hupungua kidogo na maisha hupungua zaidi. Ningekuwa wewe ningeanzia mkoani.

Ubaguzi? Upo, na heri uujue ukiwa bado Nakuru. Matangazo mengine huandika wazi kwamba wanataka "mzawa wa Kiingereza", na karibu yote huomba picha. Utatuma maombi mazuri usijibiwe, kisha kazi ile ile apewe kijana aliyesomea biashara ya mvinyo, ana macho ya buluu, na hajawahi kusimama mbele ya darasa. Baadhi ya wazazi watakuuliza unatoka wapi hasa. Wengine wataishia kukupenda kuliko walimu wote pale shuleni. Huwezi kuchagua utaangukia wapi.

Unachoweza kuchagua ni kujua thamani yako darasani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mawakala hawaligusi kabisa. Darasa la shule ya serikali Thailand lina watoto 40, hata 50. Mhitimu wa London huona idadi hiyo akatetemeka. Wewe umeshawahi kusahihisha insha za watoto zaidi ya hao kwa mwanga wa simu. Wewe pia hukuzaliwa na Kiingereza. Ulikipata juu ya Kiswahili na pengine lugha ya nyumbani, ukajifunza kwa kanuni kwa nini tunasema hivi na si vile. Mwanafunzi wa Thailand akiuliza kwa nini kitenzi kimebadilika, mzawa atajibu "husikika vizuri tu", na wewe utasimama ubaoni umweleze. Watoto wa kule hupata shida na konsonanti za mwisho wa neno, s inayoanguka, na r na l zinazobadilishana viti. Mtu aliyekulia kwenye lugha ambayo maneno huishia kwa irabu anaielewa shida hiyo mdomoni mwake mwenyewe. (Na kama kwenu r na l hubadilishana viti pia, anza mazoezi leo. Kwenye mahojiano watasikia.)

Kigumu kitakuwa ukimya. Si utundu, ukimya: darasa zima linakutazama kwa heshima na hakuna anayefungua kinywa, maana kukosea mbele ya wenzako ni aibu. Mbinu ya Kenya ya kumnyooshea kidole mtoto mmoja ajibu itakukwamisha. Waweke wawili wawili, wape sentensi za kuulizana, waimbe, washindane kwa makundi, kosa liwe la kundi badala ya la mtu. Pia shule nyingi hazipendi kumfelisha mtoto. Atarudia mtihani hadi apite, na wewe ndiye utakayeandaa marudio. Utakula asubuhi mapema, kwa sababu saa mbili kamili wimbo wa taifa unapigwa na nchi nzima husimama. Jumatatu walimu wengi huvaa njano kwa heshima ya mfalme. Mwezi Juni kuna siku ya kuwaheshimu walimu, wanafunzi wanapiga magoti na maua mikononi mbele yako, na kwa mtu aliyetoka kucheleweshewa shilingi 15,000, siku hiyo si rahisi kuisahau. Kichwa cha mtoto usikiguse, hata kwa upendo.

Shahada yako ya ualimu ina uzito kuliko unavyodhani. Baraza la walimu la kule, Khurusapha, ndilo linalotoa leseni za kufundisha, na waliosomea mambo mengine kabisa huishi kwa ruhusa za muda zinazowatia wasiwasi kila zikikaribia kwisha. Aliyesomea ualimu ana njia fupi zaidi. Beba na cheti chako cha TSC. Zile kozi za TEFL (kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo) za saa 120 mtandaoni zinatofautiana ubora kama embe za sokoni, na kwako ni nyongeza tu. Ukipata pesa siku moja, chukua CELTA ya Cambridge, cheti cha kufundisha Kiingereza, yenye saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi anakuangalia. Usikope kwa ajili yake sasa.

Kuhusu huyo wakala, mpe nafasi ya haki. Muulize namba ya usajili wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kisha uithibitishe mwenyewe kwao, usiridhike na picha ya cheti. Muulize jina kamili la shule na mkoa, uitafute, upige simu ya ofisi uliyoipata wewe, si aliyokupa yeye. Omba kuzungumza kwa video na mwalimu wa kigeni anayefundisha pale sasa hivi. Omba mkataba wenye jina la shule yenyewe. Mawakala halali wa Thailand hulipwa na shule au hukata sehemu ya mshahara; hilo la pili linaudhi lakini angalau wanapata wewe ukipata. Akikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu bila kulipa. Na kwenye mkataba wowote angalia kama unalipwa miezi 12 au 10, maana likizo ndefu ya Machi na Aprili ndiko mishahara hupotelea. Pasipoti yako haikai kwenye droo ya mwajiri hata siku moja.

Kuna na njia za karibu ambazo hazina mvuto wa picha za Instagram. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo haijawahi kutosheka walimu. Mwaka 2022 ilichukua zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe kwa mpigo. Wakenya wako shule za kibinafsi za Kigali, unasafiri kwa kitambulisho tu, na mambo yakiharibika unapanda basi kurudi. Kibali cha kazi bado unakihitaji. Mwaka mmoja pale, na barua nzuri ya mwalimu mkuu, hubadilisha jinsi shule za Asia zinavyosoma maombi yako.

Nyingine ni Fulbright FLTA, mpango wa Marekani wa wasaidizi wa kufundisha lugha, unaopitia ubalozi wa Marekani. Huchukua kwa kawaida watu wa umri wako, wa kati ya miaka 21 na 29, wanaofundisha Kiingereza nyumbani, na kuwapeleka chuo kikuu cha Marekani kwa takriban miezi tisa wakafundishe Kiswahili huku wakisoma masomo mawili kila muhula. Tiketi na posho wanalipa wao, na kuomba ni bure. Atakayekudai pesa kwa fomu hiyo ni mwizi. Sharti ni kurudi nyumbani mwishoni. Kule hakuna atakayekuuliza kama wewe ni mzawa wa lugha unayofundisha.

Ukiamua bado ni Thailand, kalenda yao ni hii: muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba, na shule hutafuta watu kwa kasi Machi, Aprili na Oktoba. Piga hesabu kutoka hapo ukirudi nyuma, TOEIC na cheti cha DCI viwe mkononi angalau miezi miwili kabla. Video ya kujitambulisha ipige wewe mwenyewe darasani hapo Nakuru, ubao ukiwa nyuma yako na mwanga ukiwa mbele, dakika mbili, bila muziki. Nyuso za wanafunzi zisionekane.